Utafiti wa Vyuo Vikuu ni Mali ya Nani?

Somo kwa vikundi vya kujifunza vya vyama vya msingi

Kila mwanachama aliyepata kuhudhuria somo la historia ya ushirika amesikia habari za Rochdale, mji wa viwanda vya nguo kaskazini ya Uingereza, ambako tarehe 21 Desemba 1844 watu 28 walifungua duka dogo katika mtaa wa Toad Lane wakaanza kuuziana unga, siagi, sukari na mishumaa. Habari hiyo hufundishwa kwa ajili ya kanuni za hisa, kura na mgawanyo wa masazo. Hufundishwa kwa nadra sana kwamba Waanzilishi hao walikuwa pia na maktaba na chumba cha kusomea magazeti, na kwamba tangu miaka ya 1850 walitenga asilimia 2.5 ya masazo yao kwa ajili ya elimu. Fedha hiyo haikuwa sadaka wala mapambo ya mizania. Iliwapa uwezo wa kumwita mwalimu na kumlipa, na siku moja mwalimu waliyemwita alitoka Chuo Kikuu cha Cambridge.

Yafaa msomaji akumbuke Cambridge ya wakati ule ilikuwa mahali pa namna gani. Kilikuwa chuo chenye umri wa zaidi ya miaka 600, kikifundisha vijana wa kiume wa familia zenye nafasi. Wanawake hawakupewa shahada zake kamili mpaka mwaka 1948. Mfumaji wa Rochdale aliweza kuishi maisha yake yote, akalipa kodi zake zote, pasipo kusikia hata neno moja la yale yaliyokuwa yakichunguzwa na kusemwa ndani ya kuta hizo.

James Stuart, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1843, alikuwa mwalimu kijana wa chuo hicho. Mwaka 1867 alialikwa na vyama vya wanawake, wengi wao waalimu wa shule, kutoa mihadhara ya elimu ya nyota katika miji ya Leeds, Liverpool, Manchester na Sheffield. Hapo likazuka tatizo ambalo leo laweza kuchekesha: ilidhaniwa si adabu kwa mwanamume kijana kuulizana maswali ana kwa ana na wanawake vijana mbele ya hadhara. Stuart akachapisha muhtasari wa kila mhadhara pamoja na maswali, wanawake wakajibu kwa maandishi, naye akasahihisha na kurudisha. Kilichoanza kama njia ya kukwepa aibu kikawa njia bora ya kufundishia, kwa maana karatasi ile ilibaki mkononi mwa msikilizaji baada ya sauti ya mwalimu kunyamaza.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1860 Stuart alitoa mihadhara pia mbele ya Waanzilishi wa Rochdale. Jioni moja alikuwa na haraka ya kuondoka, akamwomba mtunza ukumbi aiache michoro yake ikining'inia ukutani mpaka atakaporudi juma lililofuata. Aliporudi, mtunza ukumbi alimpa habari asiyoitazamia. Wanachama walikuwa wamekutana katika ukumbi ule kwa shughuli zao, wakaitazama michoro, wakaanza kubishana juu yake, na sasa walikuwa na maswali mengi; waliomba wakutane naye kabla ya mhadhara kuanza. Stuart alikubali. Tangu hapo kila mhadhara wa aina hiyo ukafuatana na darasa la majadiliano, na desturi hiyo ikaenea nchi nzima.

Tukio hili dogo lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mambo mawili tofauti hutokea ndani yake na mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kwamba chuo kilifungua mlango: elimu ilitoka nje, ikasemwa mbele ya watu wasiokuwa wanafunzi wake. La pili ni kwamba michoro iliachwa mahali ambapo watu walikuwa wakikutana tayari kwa shughuli zao wenyewe, nao wakapata muda wa kuichambua na njia ya kumrudishia mwalimu maswali. Mtu akisikiliza mara moja na kwenda zake, amehudhuria tu. Wale wa Rochdale walimtaka mwalimu ajieleze.

Matokeo yalikuwa makubwa. Vyama vya wanawake na Waanzilishi wa Rochdale walikuwa miongoni mwa walioiandikia Cambridge kuitaka ichukue kazi hiyo rasmi. Mwaka 1873 chuo kilianza mihadhara yake ya nje katika miji ya Nottingham, Derby na Leicester. London ilifuata mwaka 1876, na Oxford mwaka 1878.

Hata hivyo mpango ule ulikuwa na udhaifu ambao mwanaushirika anautambua upesi: gharama. Mihadhara iliendeshwa kwa kuuza tiketi, na penye wafanyakazi wengi tiketi hazikutosha kumlipa mhadhiri. Wachimba makaa wa Northumberland walijaa katika mihadhara hiyo kwa miaka kadhaa, lakini mgomo wa mwaka 1887 ulipowamaliza mifuko, mihadhara nayo ikafifia. Palipokuwa na chama chenye mfuko wa elimu mambo yalikuwa na nguvu zaidi. Ndiyo sababu si ajabu kwamba mwaka 1903 aliyeanzisha Jumuiya ya Elimu ya Wafanyakazi nchini humo, Albert Mansbridge, alikuwa mtu aliyepata kuwa karani katika shirika la jumla la vyama vya ushirika, wala si ajabu kwamba mwezi Januari 1908 moja ya madarasa mawili ya kwanza ya jumuiya hiyo lilifunguliwa Rochdale. Mwalimu alikuwa R. H. Tawney wa Oxford. Wanafunzi waliahidi kuhudhuria miaka mitatu na kuandika insha mara kwa mara, na kila kipindi cha saa mbili kiligawanywa: saa moja ya mwalimu, saa moja ya majadiliano.

Tawney alipochapa mwaka 1912 kitabu chake juu ya ardhi na wakulima wa Uingereza katika karne ya 16, aliwashukuru wafumaji, wafinyanzi, wachimba migodi na mafundi mitambo wa madarasa yake kwa kumfundisha mambo ya uchumi ambayo si rahisi kuyapata vitabuni. Huyu alikuwa mtaalamu akikiri kwamba utafiti wake uliboreshwa na wasomaji wake. Jambo hili lisisahauliwe litakapofika suala la majarida.

Njia hii haikubaki Uingereza. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 na ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kiliona tangu mwanzo kwamba wanachama wa Tanzania wasingeweza kuja wote darasani. Na mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo bado ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kulikuwa na kipindi cha redio, kitabu cha Kiswahili chepesi, na kikundi chenye kiongozi aliyefunzwa. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa na maji yakachemshwa, si kwa sababu redio ilisema tu, bali kwa sababu baada ya redio kuzimwa watu walibaki wamekaa pamoja, kitabu kikiwa wazi mbele yao, wakaamua la kufanya kijijini kwao.

Sasa tuje kwenye hali ya leo. Mtafiti wa chuo kikuu akimaliza kazi yake huandika makala na kuipeleka kwenye jarida la kitaaluma. Desturi hii ni ya tangu mwaka 1665, Jumuiya ya Kifalme ya London ilipoanza kutoa jarida lake. Mhariri huwapa wataalamu wengine waihakiki, na ikikubaliwa huchapishwa. Mwandishi halipwi kwa makala hiyo. Wahakiki nao kwa kawaida hawalipwi. Mishahara yao hutoka vyuoni, na sehemu kubwa ya fedha ya vyuo vya umma na ya utafiti hutoka kwa walipa kodi. Baada ya hayo mchapishaji humuuzia makala ile ile maktaba ya chuo kile kile kilichoiandika, kwa ada ya kila mwaka.

Mwanachama wa chama cha msingi aujaribu utaratibu huu kwa mfano anaoujua. Wakulima walime, wavune na wakoboe kwa gharama yao. Majirani wenye ujuzi waipange kahawa kwa madaraja bila ujira. Kisha mwenye ghala aichukue bure na kuwauzia wakulima wenyewe kikombe kimoja kimoja. Hakuna mkutano mkuu ambao ungeupitisha mkataba wa namna hiyo. Ni kweli kwamba mchapishaji hufanya kazi ya uhariri, uchapaji na uhifadhi, na kazi hiyo yastahili malipo. Ubishi uko juu ya kiasi chake na juu ya nani afungiwe nje. Mwaka 2012 kamati ya waalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, chuo tajiri kuliko vyote duniani, ilitoa tangazo kwamba ada za majarida za baadhi ya wachapishaji zimefikia karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka na kwamba haziwezi kuendelea kuvumilika. Majarida mengine yaligharimu hadi dola 40,000 kila moja kwa mwaka. Ikiwa Harvard ililalamika, msomaji afikirie maktaba ya chuo cha kilimo katika Afrika, na baada yake amfikirie bwana shamba aliye wilayani, ambaye hana maktaba kabisa.

Wanasayansi wenyewe ndio walioanza kuutikisa utaratibu huo. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg, akiwa Los Alamos, Marekani, alianzisha hifadhi ya makala kwa njia ya kompyuta, iitwayo arXiv, ambamo watafiti waliweka kazi zao zisomwe na yeyote bila malipo. Mwaka 1998 Brazil ilizindua SciELO, mkusanyiko wa majarida huria, na nchi nyingi za Amerika ya Kusini zikajiunga. Huko majarida hutunzwa zaidi na vyuo na fedha ya umma, wala msomaji hatozwi. Tarehe 14 Februari 2002 likatolewa Azimio la Budapest, lililotokana na mkutano wa mwezi Desemba 2001 katika mji mkuu huo wa Hungaria. Azimio lilitaka makala za utafiti zipatikane bure kwenye intaneti, zisomwe, zinakiliwe, zisambazwe na kutumiwa na yeyote, sharti kubwa likiwa kwamba mwandishi atambuliwe ipasavyo na kazi yake isipotoshwe.

Mihadhara nayo ilifuata njia hiyo. Mwaka 2001 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ilitangaza kwamba itaweka masomo yake kwenye intaneti bila ada, na masomo 50 ya kwanza yakatokea mwaka 2002. Serikali pia zikaanza kuona kwamba aliyelipia utafiti ana haki ya kuusoma. Tangu mwaka 2008 Marekani iliamuru makala za tiba zilizogharimiwa na taasisi zake za afya ziwekwe wazi katika muda usiozidi miezi 12, na kuanzia Julai 2025 muda huo wa kusubiri umefutwa. Kwa upande wa Afrika, orodha ya majarida ya bara hili iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa jina la AJOL ina majarida mengi yasomwayo bure, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huweka tasnifu na makala za watu wake katika hifadhi yake kwenye intaneti.

Lakini lisemwe wazi kwamba neno "bure" limepotosha wengi. Baadhi ya wachapishaji walipoacha kumtoza msomaji, walimgeukia mwandishi. Jarida la Nature, kwa mfano, lilitangaza mwishoni mwa mwaka 2020 ada ya euro 9,500 kwa makala moja itakayowekwa wazi. Mtafiti wa Morogoro ataitoa wapi fedha hiyo? Wachapishaji wengi hupunguza au kusamehe ada kwa nchi maskini, ila kuomba msamaha si sawa na kuwa na haki. Vilevile wamejitokeza wachapishaji walaghai wapokeao ada na kuchapa chochote bila uhakiki. Mlango uliokuwa umefungwa kwa msomaji ukifunguliwa kwa namna hii, unafungwa kwa mwandishi. Njia ya Amerika ya Kusini, ambako umma hulilipia jarida lenyewe, iko karibu zaidi na fikra za ushirika.

Tuseme sasa kwamba mlango uko wazi kweli. Katibu wa chama cha kahawa amepata kwa simu yake makala juu ya chulebuni, ule ugonjwa uozeshao punje changa mtini. Muuza madawa ameshafika chamani na karatasi zake za rangi, anataka halmashauri iagize dawa kwa mkopo wa msimu mzima. Makala imo mkononi. Je, chama kimepata elimu? Bado.

Kizuizi cha kwanza ni lugha. Makala iko katika Kiingereza cha kitaalamu, na wanachama wanaoamua matumizi ya fedha husoma Kiswahili. Hapa leseni ya makala ina maana kubwa, nayo hupuuzwa. Makala nyingi huria huchapishwa chini ya leseni za Creative Commons, zilizoanza kutumika mwaka 2002. Penye alama CC BY peke yake, chama chaweza kuitafsiri, kuichapa na kuisambaza, mradi kimtaje mwandishi, kionyeshe leseni na kueleza kwamba hiyo ni tafsiri. Penye herufi NC nyongeza, isitumiwe kwa biashara. Penye ND, tafsiri haisambazwi bila idhini. Na pasipo na leseni yoyote, kuruhusiwa kusoma si kuruhusiwa kuchapa; mwandishi au mchapishaji aandikiwe kwanza. Barua hiyo ni fupi, na mara nyingi mtafiti hufurahi kusikia kwamba kuna mkulima anayetaka kumsoma.

Kizuizi cha pili ni namna ya kusoma. Wengi hukimbilia hitimisho, kama vile mjumbe wa halmashauri akimbiliaye jumla ya chini ya mizania. Mkaguzi wa hesabu haanzi na jumla. Hutazama stakabadhi, hulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kisha ndipo huiamini jumla au kuikataa. Makala ya utafiti ikaguliwe vivyo hivyo. Jaribio lilifanyika wapi, katika mwinuko gani na mvua ya namna gani? Lilidumu misimu mingapi? Mibuni iliyopuliziwa ililinganishwa na mibuni ipi, na je, hiyo nyingine ilipogolewa na kutunzwa sawasawa? Aina ya mbuni ilikuwa ipi, ya zamani au moja ya zile zenye ukinzani wa chulebuni? Mapato yaliyoongezeka yalipimwa kabla au baada ya kuondoa bei ya dawa na vibarua? Nani aligharimia utafiti? Swali hili la mwisho si la kumtukana mtu. Ni lile lile linaloulizwa kuhusu zabuni, na waandishi waaminifu hulijibu wenyewe mwishoni mwa makala.

Makala moja, hata iliyo njema, ni shahidi mmoja. Ikiwa majaribio matatu ya nchi mbalimbali yanasema mamoja, uzito wake ni mwingine. Muuza madawa naye aulizwe: karatasi yake inategemea jaribio gani, na je, limechapwa mahali panapoweza kusomwa? Asiyekuwa na jibu amejibu.

Kizuizi cha tatu ndicho kilichosahauliwa na wengi wanaoshangilia intaneti, na ndicho Rochdale ilichokipatia dawa kwa bahati. Makala iliyo wazi kwa dunia nzima ni sawa na michoro ya Stuart iliyoning'inia ukutani. Pasipo wanachama kukutana chini yake itabaki karatasi ya ukutani. Kazi hiyo chuo hakiwezi kuifanyia chama. Chama kina ukumbi, au mwembe wake wenye kivuli. Kina siku ya malipo ambapo watu hufika hata bila kuitwa. Kinaweza kumchagua kijana mmoja aliyesoma, akapewa fedha ya vocha za intaneti kutoka katika fungu la elimu na kutakiwa kuleta kila mwezi muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe mahali pa kupimia kahawa, ukae hapo juma zima kabla ya kujadiliwa. Maswali yatakayobaki bila majibu yaandikwe na kutumwa kwa mtafiti mwenyewe, ambaye anwani yake huwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Pale ambapo matokeo ya shambani yanapingana na makala, aambiwe kwa takwimu: miti mingapi, shamba lipi, tarehe gani, kilo ngapi. Malalamiko ya jumla hayamsaidii; hesabu zitamsaidia.

Fungu hilo la elimu litakataliwa na baadhi ya wajumbe. Watasema wanachama wanataka malipo ya pili, si karatasi. Hoja hiyo si ya kupuuza, kwani mwanachama mwenye ada ya shule shingoni ana haki ya kuuliza kila senti imekwenda wapi. Basi ijibiwe kwa hesabu: bei ya vocha za mwaka mzima iwekwe kando ya bei ya dawa iliyoagizwa msimu uliopita na kubaki ghalani, mkutano mkuu uzione tarakimu zote mbili kwenye ubao mmoja.

Viongozi wa vikundi waanze majadiliano kwa maswali haya. Katika makisio ya chama ya mwaka huu, ni kiasi gani kimetengwa kwa elimu, na kwa kweli kimetumika kwa nini? Ni uamuzi gani mkubwa wa miaka mitatu iliyopita, wa mbegu, mbolea, dawa au mashine, ambao halmashauri iliupitisha kwa maneno ya muuzaji peke yake? Ni nani kati ya wanachama au watoto wao awezaye kusoma makala ya Kiingereza na kuieleza bila kuiongezea chumvi? Na kama mtafiti wa chuo kikuu angefika chamani Jumamosi ijayo, wanachama wangemuuliza nini kwanza?